DRECK katika visanduku vitano: tathmini ya mafumbo ya maneno ya New York Times

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikilipia huduma ya mafumbo ya maneno ya gazeti la New York Times, na kila wafasiri wenzangu wanaponiuliza kama inastahili fedha zake, najikuta nikiwajibu kwa habari za neno moja. Neno hilo ni DRECK. Lina herufi tano, limeingia katika Kiingereza kutoka Kiyidi, na hutumika kwa kitu ambacho msemaji anakiona hakina thamani hata kidogo. Kupitia neno hilo nimeelewa huduma hii inafanya nini vizuri kuliko kamusi yoyote, na ni wapi inamwacha njiani mtu ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake.

Nilikutana nalo katika fumbo la Jumatano. Dokezo lilikuwa neno moja, "Junk", yaani vitu visivyofaa, na mbele yangu palikuwa na visanduku vitano vitupu. Aliyejifunza Kiingereza darasani huandika TRASH papo hapo. Maneno yanayokatiza yakiikataa TRASH, atajaribu WASTE, kisha DROSS, kisha TRIPE, ambalo asili yake ni matumbo ya ng'ombe na ambalo Waingereza hulitumia kwa maneno ya kipuuzi, kisha BILGE, yaani maji machafu yanayotuama katika ngama ya chombo. Yote hayo yana herufi tano na yote yanaweza kulijibu dokezo lile kwa haki. Ndiyo sababu nasema kwamba dokezo la neno moja, ambalo wanaoanza hulidhania rahisi, mara nyingi ni gumu kuliko dokezo refu lililojaa maelezo: halikudanganyi, lakini halikuchagulii.

Kinachomchagulia mchezaji ni maneno yanayokatiza. Katika mafumbo ya Kimarekani kila herufi ni mali ya maneno mawili, moja linalosomwa kulia na jingine linalosomwa chini, na mtungaji haruhusiwi kuacha kisanduku chenye herufi isiyohakikiwa upande wa pili. Mafumbo ya Uingereza hayana sharti hilo; huko takriban nusu ya herufi za neno husimama peke yake. Kwa mgeni wa lugha tofauti hii ni kubwa mno, kwa sababu fumbo la Kimarekani linaweza kumpa neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake, akalipata sahihi, herufi kwa herufi, kwa kujua majirani zake tu. Siku ile nilikuwa na D na R. DROSS ilikuwa imekaa vizuri akilini mwangu, na S ya mwisho ilinivutia kwa kuwa maneno mengi ya Kiingereza yanayoshuka hupenda kupita katika S. Herufi ya tatu ilipojitokeza kuwa E, nililazimika kuifuta DROSS, na mwishowe nikabaki nalitazama neno ambalo sikuwa na hakika kama ni la Kiingereza.

Niliipenda DROSS, na nitaeleza kwa nini. DROSS ni neno la zamani la Kiingereza kwa takataka zinazoelea juu ya madini yanapoyeyushwa. Wahunzi wetu waliziita mavi ya chuma. Nilipofungua kamusi ya Merriam-Webster baada ya kumaliza fumbo, nikakuta kwamba DRECK, lile lililomtoa DROSS kisandukuni, linatokana na neno la Kiyidi drek, lenye undugu na Dreck ya Kijerumani, na kwamba katika Kiyidi maana yake ya kwanza ni uchafu na kinyesi. Kiswahili kilikuwa kimeyaweka maneno yale mawili pamoja siku nyingi, katika karakana ya mhunzi.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na ya Mashariki. Msingi wake ni Kijerumani cha Zama za Kati, kimechanganyika na Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavoni, nacho huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa na wasemaji wapatao milioni 11, na sehemu kubwa yao waliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wanazi. Kati ya mwaka 1881 na 1924 Wayahudi zaidi ya milioni 2 kutoka Ulaya ya Mashariki walikuwa wamehamia Marekani, na wengi wao walianzia maisha katika mitaa ya Lower East Side mjini New York, wakifanya kazi katika viwanda vya nguo, wakisoma gazeti la Forverts lililoanzishwa mwaka 1897, na kujaza kumbi za maigizo ya lugha yao. Watoto wao ndio walioandika vichekesho, wakauza nguo, wakatengeneza filamu na kuhariri magazeti. Maneno ya nyumbani yaliwafuata kazini. Kwa hiyo si ajabu kwamba fumbo la maneno la gazeti la New York limesheheni Kiyidi: OY, NOSH, KVETCH, KLUTZ, SCHLEP, SCHMALTZ. Mswahili anayefumbua mafumbo haya atafurahi pia kukutana na SHUL, herufi nne, yaani sinagogi, kwa kuwa shina lake ni lile lile la Schule ya Kijerumani lililotuletea sisi neno shule.

Tahajia ya DRECK yenyewe inamhusu mchezaji moja kwa moja. Taasisi ya YIVO, ya utafiti wa lugha na utamaduni wa Kiyidi, iliyoanzishwa Vilna (Vilnius ya leo) mwaka 1925 na kuhamishia makao yake New York mwaka 1940, iliweka kanuni za kuandika Kiyidi kwa herufi za Kilatini, na kwa kanuni hizo neno ni drek, bila C. Kiingereza kimezoea zaidi umbo lenye C, kwa kufuata sura ya Kijerumani, lakini kamusi zinazikubali zote mbili, na watungaji wa mafumbo hutumia ile inayowafaa. Ukiona visanduku vinne na dokezo la takataka, usisahau DREK. Katika mchezo wa Scrabble hata DRECKY na DRECKS zinaruhusiwa, ingawa katika Kiingereza cha kila siku wingi huo hausikiki: neno hili hutumika kama tunavyotumia uchafu, jambo lisilohesabika.

Sasa nifike kwenye matumizi, maana hapo ndipo penye malalamiko yangu. Dokezo la "Junk" ni sahihi kwa vipimo vyote vya fumbo. Linalingana na jibu kwa aina ya neno, kwa umoja na kwa maana ya kamusi. Hata hivyo, mtu akilichukua jinsi lilivyo akaenda kulitumia, atakosea. Wamarekani hawasemi kwamba wanapeleka dreck jalalani, na dreck haikai kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokwisha na funguo zisizo na kufuli. Neno hili ni hukumu. Hutumika kwa kitu ambacho mtu alikitengeneza na akadiriki kukileta mbele za watu: filamu, tamthilia, riwaya, samani iliyouzwa kwa bei kubwa na kuachia baada ya wiki mbili. Linabeba kinyaa, na kinyaa hicho kinatoka katika maana yake ya kwanza, hata kama msemaji wa leo haijui.

Majirani zake wa Kiyidi hutofautiana nalo kwa namna ambayo fumbo haliwezi kuonyesha. SCHLOCK ni bidhaa hafifu iliyotengenezwa ili iuzike haraka, na mtu anaweza hata kuipenda huku akijua ni hafifu. SHMATTE ni kitambaa kikuukuu, tambara, na kwa upanuzi nguo isiyo na hadhi. TCHOTCHKE ni vikorokoro vya kupambia rafu, na mara nyingi hutajwa kwa upole, kama mtu anavyoeleza kabati la shangazi yake. CHAZEREI inatokana na neno la Kiebrania la nguruwe, ndugu wa khinzir ya Kiarabu, na hutumika kwa vyakula vibaya na kwa vitu visivyo na kazi. Katika mafumbo unaweza kukuta baadhi ya maneno hayo chini ya dokezo moja lile lile, takataka, na katika maisha ukiyabadilishana utaudhi watu.

Mimi niliudhi. Miezi michache baada ya kulijua neno hili, nilimwandikia mhariri mmoja, mwanamke aliyelelewa Brooklyn, nikimpa maoni yangu kuhusu muswada ambao tulikuwa tukiupitia kwa pamoja. Nilitaka kusema kwamba sura moja ilikuwa imejaa maelezo yasiyo na kazi ambayo yangeweza kuondolewa. Nikaandika kwamba sura hiyo ni dreck, nikiamini kwamba nimechagua neno jepesi na la kirafiki, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwamba ni sawa na "junk". Alinijibu kwa upole, akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akizungumza Kiyidi na hakuruhusu neno hilo litamkwe mezani, na kwamba mwandishi wa muswada, kama angeisoma barua yangu, angeelewa kwamba nimeiita kazi yake mavi. Niliomba radhi. Tangu siku hiyo sijalitumia neno lolote nililolipata katika fumbo kabla ya kusoma angalau sentensi kumi ambamo watu wengine wamelitumia.

Jibu la mhariri yule lilinipeleka kwenye jambo jingine. Mafumbo ya New York Times yana desturi, ya tangu enzi za Margaret Farrar, mhariri wake wa kwanza, kwamba neno linaloweza kumchukiza msomaji akiwa mezani kwa kifungua kinywa halifai kuingia kwenye jedwali. Kwa kipimo hicho, neno lenye maana ya kinyesi lingepaswa kubaki nje. DRECK hupita kwa sababu Kiingereza kimelilainisha. Limevuka kutoka lugha moja hadi nyingine na kupoteza harufu yake njiani. Msomaji wa Kiingereza anaona takataka, na bibi wa Brooklyn angeona kitu kingine kabisa. Silaumu uamuzi wa kulikubali, maana ni neno hai, zuri kwa mtungaji, na ni afadhali mara mia kuliko yale maneno makavu kama ESNE na ANOA ambayo hayaishi popote isipokuwa ndani ya mafumbo na ambayo wahariri wa siku hizi wanajitahidi kuyapunguza. Ninachosema ni kwamba dokezo linaonyesha upande mmoja wa neno, na mgeni hana njia ya kujua kwamba kuna upande wa pili.

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili na alitazame neno letu BWANA katika mafumbo hayo hayo. Ni neno linalopendwa na watungaji wa Kimarekani, na dokezo lake la kawaida ni mkubwa wa safari, yaani mzungu mwenye bunduki anayeitwa hivyo na wapagazi wake. Kwa mchezaji wa Ohio, BWANA ni hilo tu. Sisi tuna bwana harusi na bwana shamba. Tuna "Bwana asifiwe" kanisani. Mwanamke humwita mumewe bwana. Kijana humwambia mwenzake "acha hizo, bwana", na hapo neno halina ukubwa wowote ndani yake, ni la kunyoosha mazungumzo. Dokezo la safari si uongo, kwa kuwa matumizi hayo yalikuwapo katika enzi za ukoloni, lakini limeligandisha neno katika sura ambayo wenyewe tulishaiacha. Mara ya kwanza nilipolijaza nilihisi kama nimeiona picha ya nyumba yetu iliyopigwa na mpita njia. Nadhani ndivyo anavyohisi msemaji wa Kiyidi anapoikuta DRECK imekaa kimya chini ya dokezo la "Junk", au SCHMUCK chini ya dokezo la mjinga, wakati katika Kiyidi neno hilo ni tusi linalotaja uchi wa mwanamume. JENGA imepata bahati zaidi: dokezo lake hutaja mchezo wa vipande vya mbao, na mchezo huo kweli ulipewa jina la Kiswahili na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki na kuuzindua Uingereza mwaka 1983.

Kuhusu huduma yenyewe nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa mambo mengi yako wazi kwa anayeijaribu. Fumbo la siku za kawaida ni la visanduku 15 kwa 15 na la Jumapili ni 21 kwa 21. Ugumu huongezeka kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni kubwa kwa umbo, ila ugumu wake unakaribia wa Alhamisi. Alama ya kuuliza mwishoni mwa dokezo ni onyo kwamba kuna mchezo wa maneno. Dokezo likiwa na kifupisho, jibu nalo huwa kifupisho. Will Shortz ndiye mhariri tangu mwaka 1993, na hazina ya mafumbo ya zamani inayopatikana kwa wanaolipia inaanzia mwaka huo huo, jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi wa lugha anaweza kufumbua Jumatatu peke yake kwa mwaka mzima bila kuishiwa. Gazeti hili, ambalo mwaka 1924 lilitoa tahariri ya kuulaani mchezo huu kuwa ni upotevu wa wakati, lilichapisha fumbo lake la kwanza tarehe 15 Februari 1942, Marekani ikiwa vitani, na la kila siku likafuata mwaka 1950.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki saa za kutolewa ni nzuri. Fumbo la Jumanne hadi Jumamosi hutoka saa nne usiku wa kuamkia siku yake kwa saa za New York, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi chao na saa kumi na mbili asubuhi wakati wa baridi yao. Mtu anaweza kulimaliza kabla ya kupanda daladala au matatu. Programu ya simu ni nyepesi kusoma na mpangilio wake haumchoshi mtu. Kuna kipengele kinachoonyesha herufi iliyokosewa papo hapo, na namshauri anayeanza akitumie bila aibu, ingawa kufanya hivyo hukatiza hesabu ya siku mfululizo alizofumbua bila msaada. Hesabu hiyo ni kichocheo kwa wengine. Kwa mwanafunzi wa lugha ni mzigo usio na faida.

Safu ya Wordplay, inayochapishwa pamoja na fumbo la kila siku, hufafanua madokezo magumu na mbinu za watungaji, nami huisoma kila siku. Hata hivyo, hushughulika zaidi na madokezo yenye hila, na neno lililopewa dokezo la moja kwa moja mara nyingi halipati nafasi humo, hata likiwa na historia ndefu kama ya DRECK. Natamani baada ya jedwali kujaa mchezaji angeweza kugusa jibu na kusoma mistari miwili mitatu: limetoka lugha gani, hutumika kwa nini, nani anaweza kukwazika. Hilo lisingeuharibu mchezo, kwa kuwa mchezo umekwisha.

Kuna pia suala la utamaduni. Anayelipia ajue kwamba atakutana na wachezaji wa besiboli wa miaka ya 1930, biskuti za OREO mara kwa mara, majina ya vituo vya televisheni na vifupisho vya idara za serikali ya Marekani. Sehemu hiyo hujifunzwa kwa kurudiarudia tu. Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza anayetafuta zana ya darasani hatanufaika nayo, na sitamshauri atoe fedha zake. Mfasiri, mwandishi, au mwanafunzi wa chuo anayesoma Kiingereza kwa wepesi atapata humo maneno ambayo kamusi isingemwonyesha, kwa sababu hufungui kamusi kutafuta neno usilojua kuwa lipo. Mimi nisingeijua DRECK. Nilikuwa nimeshasoma tahakiki nyingi za filamu zilizolitumia, na kila mara jicho langu lililipita nikikisia maana kutoka kwenye sentensi.

Wiki iliyopita nilipewa nitafsiri tahakiki ya namna hiyo, na neno likawamo katika aya ya kwanza. Nililiacha wazi kwa siku nzima. Takataka ilikuwa nyepesi, upuuzi ulilenga maneno ya filamu na kuacha picha zake, na neno ambalo bibi wa Brooklyn angelikubali lisingechapika. Niliandika "uchafu mtupu", nikamtumia mhariri, naye ameliacha jinsi lilivyo.